Uzoefu wangu: Magofu ya abasia (makao ya watawa) ya Strata Florida, Wales

Ukiwa umezoea picha za Tintern, lile kanisa kubwa lisilo na paa kando ya mto Wye, ukifika Strata Florida utaona kama pamebaki kidogo mno. Kuta nyingi ni fupi. Lakini nikiambiwa nichague kati ya hizo mbili, narudi hapa.

Kilichosimama ni mlango wa magharibi, tao la mawe lenye mistari ya nakshi iliyofungwa kwa vipande ambavyo ncha zake zimejikunja. Sijaona mlango kama huu kwenye kanisa jingine. Simama nje yake, peleka macho moja kwa moja hadi ilipokuwa madhabahu, utaelewa kanisa lilikuwa kubwa kiasi gani. Huko ndani, chini ya paa la kukinga mvua, kuna vigae vya sakafu ya enzi hizo. Inama uvitazame taratibu. Kimoja kina picha ya mtu aliyeshika kioo, na hapo ndipo nilipokaa kuliko kwingine kote.

Abasia ilianzishwa mwaka 1164 na Robert FitzStephen, Mnorman, yaani mmoja wa wavamizi waliotoka Uingereza. Mwaka uliofuata Rhys ap Gruffydd, mtawala wa Kiwelisi, aliliteka eneo hilo, akawa mlezi wa watawa wa abasia, Wasistersi, shirika la watawa Wakatoliki wa kanzu nyeupe. Tangu hapo ikawa abasia ya Wales hasa. Watu wa ukoo wa Rhys wamezikwa hapa, na mwaka 1238 Llywelyn Mkuu, mtawala mwenye nguvu kuliko wote Wales wakati huo, aliwakusanya hapa watawala wa Wales wamwapie utii mwanawe Dafydd. Mfalme Henry VIII wa Uingereza aliifunga abasia mwaka 1539. Mtu asiyesoma haya kabla ya kwenda ataona mawe tu, kwa hiyo soma kwanza.

Usiondoke bila kuingia makaburini jirani. Chini ya mti mkongwe inasemekana amelala Dafydd ap Gwilym, mshairi mkuu wa Wales wa karne ya 14. Apendaye mashairi hatapita hapo haraka. Kuna pia kaburi la mguu! Jiwe lasema mguu wa kushoto wa Henry Hughes, fundi mapipa, ulikatwa ukazikwa hapo mwaka 1756.

Shida ni usafiri. Bila gari ni taabu, ingawa ukishafika kijiji cha Pontrhydfendigaid unaweza kumalizia kwa miguu. Vaa viatu visivyopitisha maji, maana nyasi huwa zimelowa hata siku ya jua.