Wilson The Duke: mpira wa kwotabeki, ila si siku ya kwanza
Wilson The Duke ndio mpira rasmi wa NFL, ligi ya kulipwa ya futiboli ya Marekani, ambako kwotabeki ndiye mchezaji anayerusha mpira kwa wenzake. Hushonwa Ada, Ohio, kwa ngozi ya ng'ombe kutoka Horween ya Chicago: vipande vinne huunganishwa upande wa ndani ukiwa nje, hupinduliwa kwa nguvu za mikono, kisha hutiwa kibofu cha upepo na kufungwa kamba. Mshono ni imara kweli.

Tatizo ni ukiwa mpya. Juu kuna utando kama nta. Vidole havipati pa kushika na mpira hutoka mkononi ukiyumba. Sugua kwa brashi ngumu, pangusa kwa kitambaa chenye unyevu, paka mafuta ya ngozi kidogo tu, ulaze usiku kucha, kisha rudia hadi vinundu vidogo vya ngozi vianze kunata. Ndiyo maana makwotabeki Tom Brady na Peyton Manning walipigania kanuni ya 2006 iliyoruhusu hata timu ngeni kuandaa mipira yake ya kushambulia.

Jaza pauni 12.5 hadi 13.5 kwa inchi ya mraba. Baridi hushusha upepo, hivyo pima palepale uwanjani. Ukilowa, usiuanike karibu na moto: ngozi hukakamaa na kupasuka.