DATS V3 ya Dayton Audio: kinapima spika vizuri, ila rula na mizani utafute mwenyewe

Wufa nyingi zinazouzwa Kariakoo au Luthuli Avenue huja na stika ya wati 1,000 na basi. Fs (masafa ambayo koni hucheza kwa urahisi zaidi) haijaandikwa, Qts (jinsi spika inavyojizuia kuendelea kuvuma kwenye Fs) haijaandikwa, Vas (ujazo wa hewa wenye ulaini sawa na wa mikunjo inayoshika koni) ndiyo kabisa. Bila namba hizo tatu fundi anakata mbao kwa kukisia, na besi ikivuma ovyo lawama zinaiangukia amplifaya. DATS V3 ya Dayton Audio ya Marekani ipo kwa ajili ya kuzipima namba hizo. Ni kidude kidogo cha USB chenye waya zinazoishia kwenye vibanio vya meno, rezista ya omu 1,000 ya kalibresheni (kukiweka sawa kifaa kabla ya kupima), na programu ya Windows. Kinapiga mlio unaopanda kutoka 1 Hz hadi 20,000 Hz kwa sekunde chache, kinachora mstari wa impedansi (ukinzani wa spika kwenye kila masafa), kisha kinakuletea Re (ukinzani wa koili), Fs, Qms na Qes (sehemu ya kimakanika na ya kiumeme ya Qts), Qts yenyewe na Le (induktansi ya koili). Bei inapita dola 100 kabla ya usafiri na ushuru.

Kalibresheni ni mbili. Ya kwanza unagusanisha vibanio ili programu iondoe ukinzani wa waya. Ya pili unabana rezista. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Wanagusanisha ncha za meno tu badala ya kubana kibanio kimoja ndani ya kingine, mguso unakuwa hafifu, na programu inaamini waya zina ukinzani mkubwa kuliko zilionao. Tuseme ni omu 0.2 za ziada. Zitakatwa kwenye kila spika utakayopima, na kwa wufa yenye Re ya omu 3.4 hilo ni kosa la karibu asilimia 6 linaloingia moja kwa moja kwenye Qes. Njia ya kujihakikishia ni rezista ya omu 10 ya asilimia 1: ipime kabla ya spika yoyote. Mstari uwe bapa kwenye 10. Ukisoma 9.7, rudia kalibresheni.

Jambo jingine ni Windows. Inakiona kifaa hiki kama kadi ya sauti, na mara nyingi ikishakiona inakifanya ndicho cha kutolea sauti zote za kompyuta. Ujumbe ukiingia katikati ya kipimo, mlio wake unapita kwenye wufa na mchoro unavurugika. Rudisha sauti za kawaida kwenye spika za kompyuta yenyewe.

Wufa isimame wima, imebanwa kwenye kitu kizito, mbali na ukuta. Ukiilaza kwa sumaku mezani unaziba tundu la nyuma kama inalo. Ukiifudikiza unafungia hewa mbele ya koni. Zima feni. Ukiona kijino pale 50 Hz, chomoa kwanza chaja ya kompyuta kabla ya kuihukumu spika. Mchoro wa wufa nzima ni mlima mmoja laini, kisha mteremko, kisha mstari unaopanda taratibu kwenye masafa ya juu. Mlima wenye makunyanzi mara nyingi una maana koili inakwaruza au skrubu haijakaza.

Hadi hapo kifaa hakina mpinzani kwa wepesi. Shida inaanza kwenye Vas, na kosa si lake. Vas inadai vipimo viwili: kimoja koni ikiwa tupu, kingine ukiwa umebandika uzito kwenye koni. Udongo wa kuchezea watoto unafaa sana: uviringe, ugawe vipande viwili au vitatu, uvibandike kuzunguka kofia ya katikati ili koni isiegemee upande. Usitumie sarafu au nati zinazonasa sumaku, maana zitavutwa kuelekea nyuma na kipimo kitakudanganya. Uzito unaotosha ni ule unaoshusha Fs kwa robo hivi.

Chukua wufa ya inchi 8 yenye Fs ya 38 Hz. Ukiibandika gramu 20 inashuka hadi 29 Hz. Gawanya 38 kwa 29, zidisha jibu kwa lenyewe, toa 1: unapata 0.717. Gramu 20 ukizigawa kwa 0.717 ni karibu gramu 28, ndio uzito wa sehemu zote zinazocheza. Sasa kipenyo. Pima kutoka katikati ya mpira wa pembeni upande huu hadi katikati ya mpira upande ule, tuseme sentimita 16.5. Vas inatoka karibu lita 40. Fundi mwingine akipima hadi ukingo wa nje wa mpira na kuandika 17.5, wufa ileile inampa lita 51. Kipenyo kinaingia kwenye hesabu kikiwa kimezidishwa mara nne kwa chenyewe, kwa hiyo sentimita moja tu inazaa kosa la robo nzima. Nunua mizani ya kidijitali inayosoma hadi gramu 0.1 na rula ya chuma. Ndivyo vinavyoamua Vas yako.

Lawama ninayoiona ni ya haki kwa kifaa chenyewe: mlio wake ni mdogo. Wufa mpya ambayo kitambaa chake cha mikunjo bado kigumu itaonyesha Fs ya juu kuliko inavyokuwa ikishazoea. Ipigie sauti ya 20 hadi 30 Hz kwa saa kadhaa, koni icheze bila kugonga, iache ipoe kabisa, ndipo upime tena. Ukikuta Fs imeshuka, Qts nayo imeshuka na Vas imepanda, usishtuke. Mabadiliko hayo yanafidiana, na ukubwa wa boksi unaotoka kwenye hesabu haubadiliki sana.

Kwa wufa za gari zenye koili mbili, unganisha zote kabla ya kupima, iwe kwa mfululizo au sambamba. Ukipima koili moja na kuiacha nyingine wazi, Qes inatoka karibu mara mbili ya ile halisi, na utajengea wufa hiyo boksi isilolihitaji.

Faida ambayo wengi hawaitumii: kinapima pia kapasita na koili za krosova, saketi inayogawa masafa kati ya wufa na twita (spika ndogo ya sauti nyembamba). Kapasita iliyoandikwa maikrofaradi 10 ikasoma 6, umejua mapema kwa nini twita inasikika dhaifu.

Je, ulipe zaidi ya dola 100? Ukipima spika kila wiki, ndiyo, muda unaookoa unalipa. Ukijenga boksi moja kwa mwaka, programu ya bure ya REW, rezista ya omu 100 ya asilimia 1 na kadi ya sauti ya USB yenye laini mbili za kuingiza vitakupa namba zilezile. Angalia tu kadi hiyo: nyingi za bei ndogo zina tundu moja la maikrofoni, nalo halifai. Mwenye Mac au Linux hana la kuchagua, DATS haina programu yake. Aanze na REW.