TanzLII kwa anayetaka kumjua jaji wa Tabora au Kigoma

Wasifu wa jaji wa Mahakama Kuu hausemi mengi. Katiba inataka sifa za kisheria na uzoefu usiopungua miaka 10, Rais anamteua baada ya kushauriana na Tume ya Utumishi wa Mahakama, na umri wa kustaafu ni miaka 60. Lakini anavyompima shahidi aliye peke yake, au anavyolipokea ombi la kuongezewa muda, utayaona kwenye hukumu zake tu. TanzLII, tovuti ya hukumu za mahakama za Tanzania, inazitoa bure. Mwananchi wa Kasulu au Urambo mwenye rufaa ya shamba anahitaji bando tu, na kwa maoni yetu hakuna huduma ya kisheria inayomfaa zaidi kwa gharama hiyo.

Fungua orodha ya Mahakama Kuu, chagua mwaka, kisha chuja kwa jina la jaji. Usichuje kwa kituo peke yake. Majaji huhamishwa, na aliyeko Tabora leo huenda hukumu zake nyingi aliziandikia Mwanza au Iringa. Wa Kigoma wana mtego wao: kabla mkoa haujapata masjala yake ya Mahakama Kuu, rufaa zao zilikwenda Tabora. Mgogoro wa Kibondo wa 2012 utafute huko, la sivyo utadhani haukuwahi kuamuliwa.

Maneno ya kutafutia yawe ya Kiingereza. Sheria ya 2021 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, ila sehemu kubwa ya hukumu zilizomo ni za Kiingereza. Nakala nyingine, hasa za zamani, ni karatasi zilizopigwa skana. Hizo ni picha, hivyo neno unalolitafuta linaweza kuwemo na lisionekane.

Kosa linaloumiza watu ni kuibeba hukumu mahakamani bila kujua kwamba Mahakama ya Rufani iliitengua. Angalia sana kesi za mauaji zilizosikilizwa kabla ya mabadiliko ya sheria ya 2022, wakati jaji alilazimika kukaa na wazee wa baraza, yaani raia wa kumshauri. Asipowaeleza vizuri hoja za kisheria zilizohitaji maoni yao, mwenendo mzima uliweza kubatilishwa, hata kama ushahidi ulikuwa mzito. Kukagua ni rahisi: chukua jina la mshtakiwa, litafute upya kwenye hukumu zenye alama TZCA (za Mahakama Kuu ni TZHC), na upitie miaka kadhaa mbele, maana rufaa huchukua muda. Majina hubadilishana nafasi: kesi iliyoanza kwa Jamhuri dhidi ya fulani, kwenye rufaa yake inakuwa fulani dhidi ya Jamhuri.

Nakala ya TanzLII ni ya kusomea. Ya kuambatisha kwenye rufaa ni iliyothibitishwa na masjala kwa mhuri. Iombe kwa barua siku hiyohiyo hukumu inaposomwa, na ubaki na nakala ya barua yako iliyogongwa mhuri wa kupokelewa. Kutoka Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, kwa shauri lililoanzia hapo, una siku 45 tu za kufika Mahakama Kuu, na barua hiyo ndiyo itakayoonyesha ulizisubiri nyaraka tangu lini.