Chupa ya 612 kati ya 1,000: stauti ya pipa la wiski ilivyonikuta

Kilichonivuta ni ile namba, niseme ukweli tangu mapema. 612 kati ya 1,000, imeandikwa kwa kalamu pembeni ya lebo, na shingo ya chupa imechovywa kwenye nta nyekundu. Ndani ni stauti nzito, yaani bia nyeusi ya shayiri iliyokaangwa, kilevi asilimia 12, iliyolazwa mwaka mzima kwenye mapipa ya mwaloni yaliyotoka kwenye wiski ya bourbon. Nilichukua mbili: moja yangu, nyingine ya kumuonjesha rafiki.

Hiyo nta jamani! Nimeikwangua kwa kisu dakika tano nzima, chembe zikadondokea kwenye glasi. Aliyebuni mfuniko huu nadhani hajawahi kuufungua mwenyewe.

Inamiminika kama oili chafu ya injini. Povu la hudhurungi lilipanda kimo cha kidole, na kabla sijaiweka chupa chini likawa limeshazama. Hapo sikuwalaumu, kilevi kikiwa kingi hivi povu huwa halikai.

Kosa lililofuata ni langu. Niliitoa kwenye friji nikaionja papo hapo: uchungu wa shayiri iliyoungua, koo likichomwa na pombe, basi. Nikajua nimeliwa. Nikaiacha mezani nikaenda kuoga na kupiga simu mbili tatu. Niliporudi, kama dakika arobaini hivi, glasi haikuwa na ubaridi tena na harufu ikanipokea kabla sijaketi: vanila, zabibu kavu, mbao iliyotoka kupigwa randa, na kahawa kwa mbali. Bia ya namna hii inataka nyuzi 12 hadi 14 hivi, baridi ikizidi harufu inafungika humo humo. Lebo ina aya tatu za kusifu mapipa, lakini hilo halimo.

Mdomoni ni nzito, inautandaza ulimi. Chokoleti chungu kwanza, kisha sukari iliyoungua, halafu wiski inaingia na haitoki tena. Bourbon kwa sheria za Marekani hulazwa kwenye mapipa mapya ya mwaloni yaliyounguzwa ndani, kwa hiyo pipa likishatumika mara moja halifai tena kwa bourbon nyingine, na watengeneza bia hujipatia. Vanila ile ni ya mbao. Kwa nusu glasi nilifurahi nayo. Baada ya hapo nikaanza kuitafuta bia yenyewe nisiione.

Chupa ya pili nilimmiminia rafiki bila kumwonyesha lebo. Akanywa, akatulia, akaniuliza, "Hii haijachacha kweli?"

Nikaonja tena. Mwishoni kabisa, ukishameza, kuna uchachu mwembamba kama wa siki. Hata kwenye chupa ya kwanza niliusikia, nikajiambia ni zile zabibu. Mbao hupitisha hewa kidogo, na bakteria wakiipata hugeuza pombe kuwa siki. Kwa bia chachu sawa, lakini hii haikukusudiwa kuwa chachu. Namba 612 ndiyo iliyonifumba mdomo. Rafiki hakuwa na namba ya kumdanganya.

Naipa 6 kati ya 10, na zote sita ni za ile nusu glasi. Wakiitoa stauti hiyohiyo kabla haijaingia pipani, bila nta, nitanunua.