Omena au vifaranga vya ngege kwa nyoka anayekula samaki?

Ukifuga nyoka mdogo wa kinamasi hapa Kisumu, kibali cha KWS (Shirika la Wanyamapori Kenya) kwanza, halafu swali la chakula halikwepeki.

Kwa bei, omena, yaani dagaa wa Ziwa Victoria, hana mpinzani. Asubuhi pale ufuo wa Dunga unapata wabichi, wavuvi wakiwa ndiyo kwanza wanarudi na taa zao. Wa kukaushwa achana nao. Ila kuanzia Aprili uvuvi wake hufungwa kwa miezi kadhaa, na hapo mwenye kidimbwi cha vifaranga vya ngege (tilapia) ndiye analala bila wasiwasi.

Kwa afya nashikilia msimamo: ngege ni bora. Omena ni wa ukoo wa ningu, na samaki wengi wa ukoo huo wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1. Kugandisha hakukiondoi, joto ndilo hukivunja. Nyoka aliyepungukiwa na vitamini hiyo hutetemeka, shingo ikapinda, na ukimlaza chali anashindwa kujigeuza. Ngege hana shida hiyo, lakini miiba ya mgongoni ni mikali, kwa hiyo chagua wadogo kabisa, wasiozidi unene wa nyoka mwenyewe.

Usafi ni uleule: maji badilisha kila baada ya mlo.

Aliye karibu na ziwa, mwenye nyoka mchanga, omena wa mara mojamoja watamfaa. Anayeishi Nakuru na ana jirani mwenye bwawa, achukue ngege.