Semina ya kuhariri jeni, Kirumba: nyota tatu

Kiingilio elfu kumi, Jumamosi saa tatu asubuhi, ikaanza saa nne na nusu. Tangazo la WhatsApp lilisema TIBA YA SIKOSELI IMEPATIKANA. Mwanangu ana miaka tisa na ana sikoseli, kwa hiyo nilifunga cherehani nikaenda. Mama niliyekaa naye alikuwa ametoka Sengerema, kavuka na kivuko cha Kamanga alfajiri.

Mwalimu nampa maua yake. Alitoa mfukoni zipu ya sketi. DNA ndiyo hii, akasema, meno ya huku yanashikana na ya kule. Crispr, zana ya kuhariri jeni, ina kielekezi kinachotafuta mahali panapohusika, na mkasi, protini iitwayo Cas9, unaokata pande zote mbili. Akaikata zipu mbele yetu. Seli ikiona imekatwa huunga haraka haraka, na katika haraka hiyo meno mawili matatu hupotea, sehemu ile haifanyi kazi tena. Fundi gani asiyelijua hilo!

Kumbe dawa yenyewe, Casgevy, hairekebishi kosa la sikoseli. Inaharibu swichi ya jeni ya BCL11A, ile inayozima hemoglobini (protini ya damu inayobeba oksijeni) tuliyokuwa nayo tumboni mwa mama. Swichi ikifa, hemoglobini ile inarudi kazini. Miaka tisa ya kliniki, hilo sikuwahi kuelezwa.

Suala la mkasi kukosea na kukata jeni nyingine inayofanana, mwalimu alilipita kama daladala iliyojaa inavyopita kituo.

Kilichoniudhi: mpaka yule mama wa Sengerema alipouliza seli zinarudije mwilini, watu wameshasimama kufuata chai. Ndipo tukaambiwa. Seli shina, zile zinazotengeneza damu, hutolewa kwenye damu, huhaririwa maabara, unasubiri miezi. Kabla ya kurudishiwa, mgonjwa hupigwa kemotherapi kali ya kusafisha uboho, na inaweza kumwondolea uwezo wa kuzaa. Uingereza waliipitisha Casgevy Novemba 2023 kwa wenye miaka 12 na kuendelea. Marekani bei yake ni dola milioni 2.2, kwa mgonjwa mmoja.

Mama akakunja kanga yake, hakuuliza tena.

Waandaaji, mkirudia, bei na kemotherapi viwekwe kwenye tangazo, na maswali yaanze kabla ya chai. Chapati zenyewe zilikuwa za jana.