Chachu mbadala ya bia ya ngano ya Kibelgiji: ipi ununue ukiwa Mwanza

Kabla ya kuulizia jina la chachu, pima joto la chumba utakachochachushia. Chachu ya maji kama Wyeast 3944, ambayo wengi huitaja kwa bia ya mtindo wa Hoegaarden, bia maarufu ya ngano ya Ubelgiji, hutaka baridi njia nzima. Ipakie kwenye buti la basi kutoka Dar es Salaam hadi Nyegezi, itafika hoi. Nunua kavu.

Ya kwanza kwangu ni M21 ya Mangrove Jack's. Pakiti ya gramu 10 inatosha ndoo ya lita 20, inafanya kazi kati ya nyuzi 18 na 25, na inatoa ukarafuu wa mbali usiofunika ngano. Haitulii chini upesi, bia inabaki na ukungu, na bia hii ndivyo inavyopaswa kuwa. LalBrew Wit, kavu pia, iko bega kwa bega nayo.

Zikikosekana, chukua T-58 ya Fermentis. Hii ina pilipili manga kuliko chungwa, ila sokoni kuna dawa yake: gramu 15 za mbegu za giligilani zilizopondwa na maganda ya machungwa yaliyotolewa ule weupe mchungu, dakika tano za mwisho za kuchemsha.

WB-06, nayo ya Fermentis, watu huikimbilia kwa sababu ni ya bia ya ngano. Ladha yake imeegemea Ujerumani, na joto letu huzidisha ndizi. Tena hula hata sukari ambazo nyingine huziacha. Ukijaza chupa kabla kipimo cha haidromita, kifaa kinachoonyesha sukari iliyobaki, hakijasimama siku kadhaa, zinaweza kupasuka. Ya tatu, kwa shingo upande.

S-33, ya Fermentis pia, ni ya nne: matunda mengi, utamu unabaki. US-05, ya kampuni hiyohiyo, ina ladha safi mno, viungo vyote utabeba wewe. Hamira ya mkate achana nayo. Inachachua kweli, lakini huja na bakteria wa kuchachusha maziwa.

Dukani tazama tarehe, na pakiti iliyovimba iache. Chachu ikianza kazi hutoa joto lake yenyewe, hivyo ndoo huzidi chumba kwa nyuzi kadhaa: iweke kwenye beseni la maji, ifunike kitambaa kilicholowa, elekeza feni. Kama hata hilo haliwezekani, T-58 ipande juu ya LalBrew Wit.